Sufuria ya chuma ya Lodge ya lita 6.6: mapitio kwa nyumba inayolisha marafiki wanane

Jibu tunalitoa mapema: inafaa, tena inafaa sana, mradi jikoni pawe na mtu mwenye nguvu za kuinyanyua na mwingine mwenye subira ya kuikausha. Ila tumeipima kwa kazi moja mahususi, na msomaji aijue kazi hiyo kabla hatujaendelea.

Tunaziandikia nyumba za wanaume Weusi mashoga wa kusini mwa Marekani, Memphis, Atlanta na kwingineko, ambako Jumapili au sikukuu watu wanane hukusanyika kwa mmoja wao kula mabawa ya kuku. Wawili ni wapenzi wanaoishi pamoja. Yupo rafiki wa tangu ujana. Yupo aliyeachana na mmoja wa waliopo lakini hakuachana na kikundi. Yupo mama mzazi wa mwenye nyumba, aliyehamia kwa mwanawe kwa sababu umri haumruhusu tena kukaa peke yake. Yupo kijana wa miaka 19 aliyefukuzwa kwao akapewa chumba cha nyuma. Katika nyumba kama hii marafiki ni ndugu, na chakula ndicho kinachowaweka pamoja. Tatizo ni kwamba kukaanga mabawa ya watu wanane humfunga mpishi jikoni jioni nzima: wenzake wanacheka sebuleni, yeye anahesabu dakika mbele ya mafuta. Kwa hiyo kipimo chetu kikubwa ni hiki: chombo hiki kinamwachia mpishi nafasi ya kukaa mezani na watu wake?

Lodge ni kiwanda cha South Pittsburg, mji mdogo wa mashariki mwa Tennessee. Kilianzishwa 1896, jengo la kwanza likaungua 1910, na kazi ikaanza upya chini ya jina la Lodge mwaka huohuo. Mji huo pia umekuwa na tamasha la mkate wa mahindi tangu 1997, jambo linaloonyesha jinsi vyombo hivi vilivyofungamana na mapishi ya Kusini. Sufuria tunayoizungumzia ni ile ya kwati 7, karibu lita 6.6, yenye kipenyo cha inchi 12, yaani sentimita 30. Ni chuma cha kusubu kitupu, bila enameli, chenye mishikio miwili mifupi na mfuniko wa chuma hichohicho. Pamoja na mfuniko inapita kilo 7. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya sufuria za enameli za Ufaransa zenye ukubwa huo, na kwa kukaanga hizo ghali hazikuongezei chochote.

Sifa yake kubwa kwa kazi hii ni upana. Mabawa yanataka kulala safu moja kwenye mafuta, yasipandane. Sufuria ndefu na nyembamba, hata ikiwa ya lita 8, huchukua vipande vichache kuliko hii, na vya chini hushikana. Hapa lita 3 za mafuta hufika chini kidogo ya nusu, zikifunika kipande vizuri na kuacha ukingo wa kutosha kwa povu. Usizidishe lita 3. Kuku mbichi mwenye maji maji hupandisha povu ghafla, na mafuta yakimwagika juu ya moto huo ndio mwanzo wa janga.

Sasa hesabu ya mabawa, maana hapa ndipo wengi hukwama. Kilo moja hutoa mabawa mazima 10 au 11. Ukikata kila bawa kwenye viungo, ukaweka ncha kando kwa ajili ya supu, unapata kipaja na bapa, basi kilo moja ni vipande 20 hadi 22. Watu wanane kwa wastani wa vipande 12 ni vipande 96, yaani karibu kilo 4.7 za mabawa mazima. Wastani ni wastani tu: mama atakula vitano, kijana wa miaka 19 atakula 18 na kurudi kuangalia kama vimebaki. Ongeza nusu kilo hadi kilo moja kwa sahani za wasiokuwepo, tutazifikia mbele.

Memphis wapo wengi wanaotaka bawa zima, na wana haki yao. Kula bawa zima ni jambo la zamani kwa Wamarekani Weusi. Hata Buffalo, mji unaosifiwa kwa mabawa ya pilipili tangu baa ya Anchor ilipoyapika 1964, John Young, mfanyabiashara Mweusi, alikuwa akiuza miaka hiyohiyo ya 1960 mabawa yasiyokatwa, yaliyopakwa unga na kumwagiwa mchuzi wake ulioitwa "mambo". Kwa sufuria hii bawa zima linawezekana, ila mabawa manane kwa mkupuo ndiyo mwisho, maana bawa likinyooka linamaliza nafasi, na kiungo cha kati huchelewa kuiva. Kwa watu wanane kata.

Siku moja kabla, kausha vipande kwa taulo za karatasi, nyunyiza gramu 10 za chumvi kwa kila kilo, vipange juu ya wavu wa waya, uviache kwenye friji bila kuvifunika kwa saa 8 hadi 24. Ngozi ikikauka, mafuta hayarushi sana na ukoko unakuja wenyewe. Unga hauhitajiki. Unga huchafua mafuta, na mafuta machafu huungua haraka.

Kukaanga mara moja kunawezekana: vipande 14 kwa mkupuo, mafuta yakiwa nyuzi 190, dakika 11 hivi, kisha dakika tatu au nne za kusubiri joto lirudi. Mikupuo saba. Jumla ni saa moja na dakika 45, na muda huo wote wageni wameshafika. Mkupuo wa kwanza unalika ukiwa moto, wa mwisho unamkuta mpishi amechoka na watu wameshiba.

Kukaanga mara mbili ndiko kunakoifanya sufuria hii istahili pesa yake. Asubuhi, pandisha mafuta hadi nyuzi 150, tia vipande 24, joto litashuka. Lishikilie kati ya nyuzi 125 na 130 kwa dakika 18. Vipande vitatoka vimeiva ndani lakini bado vyeupe na vya kusikitisha kuvitazama, usiogope. Vipange juu ya wavu, vikipoa vipeleke friji kabla ya muda wa saa mbili kupita, bila kuvifunika. Mikupuo minne inachukua saa moja na nusu pamoja na kusubiri, nyumba ikiwa tulivu, na yeyote aliyeamka mapema anaweza kukaa jikoni kupiga soga. Jioni, watu wakiwa wamekaa, pandisha mafuta hadi nyuzi 195, tia vipande 16, dakika tano. Vinatoka rangi ya dhahabu iliyokolea, ngozi inalia ukiigonga kwa uma. Mikupuo sita inakwisha ndani ya dakika 45, na kwa sababu vipande vimeshaiva, mtu mwingine anaweza kushika zamu bila hofu ya kuku mwenye damu. Mpishi anakaa.

Kwa wenye vipimajoto vya Marekani: nyuzi 130 ni 265 za Farenhaiti, 150 ni 300, 190 ni 375, na 195 ni 385. Kuku huhesabiwa salama akifika nyuzi 74 ndani, yaani 165 za Farenhaiti, lakini bawa linakuwa tamu zaidi likifika 85, maana mishipa na ngozi ya kwenye viungo hulainika ikifika huko.

Chuma kizito kinasaidiaje? Ukitia vipande 16 vya baridi katika sufuria nyembamba ya aluminiamu, joto linaporomoka na kuchelewa kupanda, na kuku huanza kunywa mafuta. Chuma cha kusubu kimeshajaza joto kwenye kuta zake, kwa hiyo mafuta hushuka kidogo na kurudi upesi. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo kasoro yake, na watengenezaji hawaisemi kwa sauti. Sufuria hii haisikii amri haraka. Ukiyaacha mafuta yafike nyuzi 195 ndipo upunguze moto, yatapanda hadi 205 au 210, na kuyashusha ni kusubiri sana hata ukizima jiko kabisa. Punguza moto yakifika nyuzi 180, uyaache yajipandishe yenyewe. Yakishapita, tia vipande vichache vya baridi. Hiyo ndiyo breki ya pekee. Usiongeze mafuta baridi katikati ya kazi, na usijaribu kuihamisha. Sufuria na lita 3 za mafuta ni mzigo mzito wa kitu kinachounguza, na mishikio yake ni mifupi kiasi kwamba kiganja chenye taulo nene hakishiki vizuri. Weka sufuria juu ya jiko kwanza, kisha mimina mafuta.

Kipimajoto cha kubana ukingoni ni lazima. Cha mwanga wa kuelekeza kwa mbali hakifai hapa, kinasoma uso wa mafuta peke yake. Ncha ya kipimajoto isiguse chuma, la sivyo itakudanganya kwenda juu.

Kuhusu mfuniko tutasema kwa mkazo. Upande wake wa ndani una chunusi ndogondogo za chuma. Mvuke ukipanda hugeuka maji, hukusanyika kwenye chunusi hizo na kudondoka juu ya chakula. Kwa mboga na nyama ya kuchemsha polepole ni jambo zuri, chakula hakikauki. Kwa mafuta ya nyuzi 190 ni hatari: tone moja la maji likizama hulipuka na kurusha mafuta hadi usoni. Usiifunike sufuria unapokaanga, hata kwa dakika moja, hata kama mafuta yanaruka sana na mtu mwenye nia njema anashauri uifunike. Ila mfuniko ukae hapo hapo pembeni, mkavu kabisa, kwa sababu mafuta yakishika moto ndio wa kuuzima: zima jiko, telezesha mfuniko juu, usiuondoe mpaka sufuria ipoe. Maji kamwe. Kila anayekula kwenye nyumba hiyo ajue hili, si mpishi peke yake.

Mchuzi usipikwe ndani ya sufuria hii. Mchuzi wa pilipili wa mabawa ni siki na pilipili ya kayeni, na siki hula ule utando mweusi wa mafuta unaokilinda chuma. Ladha inakuwa kama umelamba sarafu. Tumia kisufuria cha chuma cha pua. Mchuzi wa kawaida ni sehemu mbili za pilipili kwa sehemu moja ya siagi. Kwa vipande 32, pasha mililita 200 za mchuzi wa pilipili mpaka utoe mvuke, ondoa motoni, kisha chapa siagi baridi gramu 100, kipande baada ya kipande. Ukichemsha vikiwa pamoja, siagi inajitenga na kuelea juu, na kipande kinatoka na mafuta upande mmoja na ukali upande wa pili. Ukijitenga, tia kijiko kimoja cha maji vuguvugu uuchape kwa nguvu; mara nyingi unarudi.

Memphis hawaachi kuuliza ule wa asali na haradali, wa rangi ya dhahabu, na kila nyumba inaapa kwamba wake ndio wenyewe. Vipimo vinavyofanya kazi kwa vipande 32: asali mililita 120, haradali ya njano 60, mchuzi wa pilipili 80, siagi gramu 60, na kijiko cha chai cha kitunguu saumu cha unga. Pasha kwa moto mdogo dakika nne, usichemshe. Asali haigusi kuku kabla ya kukaangwa, kwa kuwa sukari huungua kabla ngozi haijakauka. Changanya kwenye bakuli kubwa la chuma, vipande 16 kwa mililita 150 za mchuzi, rusha mara sita au saba, peleka mezani. Mchuzi ukikaa juu ya kuku dakika 10, kazi yote ya kukaanga mara mbili imepotea. Hili ndilo jukumu zuri la kumpa yule kijana: anasimama mbali na mafuta, anashika bakuli, na ndiye kila mtu anayemsubiri.

Sukuma wiki na bata mzinga wa moshi ni kazi ya pili ya sufuria hii, na hapa mfuniko unalipa deni. Kwa watu wanane, gramu 800 za shingo au paja la bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi, lita 2 za maji, vitunguu viwili, dakika 90 moto mdogo. Kisha kilo 2 za majani yaliyotolewa mashina, konzi kwa konzi, kila konzi inyweke ndipo nyingine iingie, dakika 45 hadi 60. Bata mzinga ametumika badala ya nguruwe kwa sababu mezani huwa kuna asiyekula nguruwe, na pia kwa ajili ya mama mwenye shinikizo la damu. Nyama ya moshi ina chumvi nyingi. Onja baada ya saa nzima, na mara nyingi hutaongeza hata chembe. Kwa mama, toa bakuli lake la majani na mchuzi kidogo uliopunguzwa kwa maji ya moto, wengine waongeze chumvi wenyewe. Siki iwe mezani, isiingie sufuriani. Na mboga zisilale humo usiku, zihamishie kwenye bakuli la kioo, vinginevyo asubuhi zitakuwa nyeusi na chuma kitakuwa kimeanza kutu.

Panga ratiba vizuri, kwa maana sufuria ni moja. Mboga Jumamosi, mabawa Jumapili. Kati ya hizo mbili sufuria lazima ikauke kabisa, si kwa taulo tu. Iweke juu ya moto mdogo dakika tatu hadi unyevu wote wa kwenye vitundu uondoke, ndipo umimine mafuta. Vitundu hivyo vipo: uso wa Lodge mpya una ukwarukwaru wa mchanga wa kalibu, na kwa kukaanga hauna madhara.

Sahani za wasiokuwepo zitengwe kabla meza haijaanza kula. Zikiachwa mwisho, kinachopatikana ni mifupa na aibu. Vipande vya kupelekwa vipozwe juu ya wavu dakika 10, kisha viwekwe kwenye boksi la karatasi lenye matundu, mchuzi kwenye kikopo pembeni. Ukifunika kuku wa moto kwenye plastiki, mvuke wake mwenyewe unailowesha ngozi kabla gari halijafika taa za pili. Anayepokea avirudishe oveni, nyuzi 200, dakika nane, ndipo achovye.

Mila hii ya sahani ina uzito wake. UKIMWI ulipowaangukia wanaume mashoga wa Marekani, wengi walikufa wakiwa wamekataliwa na jamaa zao, na marafiki ndio waliobeba vyungu. Carl Bean, mchungaji Mweusi aliyekuwa shoga, alianzisha Minority AIDS Project, shirika la kuwahudumia watu wa jamii za wachache waliokumbwa na UKIMWI, mjini Los Angeles 1985, na Atlanta huduma ya Open Hand ilianza kupelekea wagonjwa vyakula 1988. Leo anayeishi na VVU na kumeza dawa zake vizuri anaishi maisha marefu, lakini sahani bado ina kazi. Kuna dawa, vidonge vya rilpivirine vikiwa mfano, ambazo humezwa pamoja na mlo kamili ili mwili uzipokee inavyotakiwa, na kinywaji cha protini peke yake hakihesabiki kuwa mlo. Rafiki anayefanya kazi zamu ya usiku na kurudi nyumbani hana nguvu ya kupika anahitaji sahani hiyo iwe kwenye friji yake. Muulize anameza dawa saa ngapi, na umpelekee kabla ya hapo.

Usafi, sasa. Adui mkubwa wa sufuria hii ni mgeni mwenye upendo anayetaka kusaidia kuosha vyombo. Ataitia kwenye mashine ya kuoshea au ataiacha kwenye sinki imejaa maji, na asubuhi itakuwa ya rangi ya chungwa. Mteueni mmoja awe mwoshaji wake, wengine waoshe glasi. Mafuta yakipoa kiasi cha kuguswa, yachuje kwa kitambaa hadi kwenye chupa, futa sufuria kwa karatasi, osha kwa maji ya moto na brashi (sabuni kidogo haidhuru, hofu hiyo ni ya enzi za sabuni kali), kausha juu ya moto, paka nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia, kisha futa kana kwamba unataka kuyatoa yote. Wanaopaka mengi ndio wanaolalamika kwamba sufuria inanata kama gundi. Mafuta mengi hayaivi, yanabaki ulimbo.

Ikishika kutu haijafa. Isugue kwa waya wa chuma mpaka kutu itoke, osha, kausha, paka mafuta utando mwembamba, igeuze chini juu kwenye oveni yenye nyuzi 230 kwa saa moja, iache ipoe humohumo. Rudia mara mbili kama bado ina kijivu.

Mafuta ya karanga ndiyo yanayofaa zaidi, yanavumilia joto na hayana harufu kali, lakini ulizia mzio kwa kila anayekuja, hata anayeletwa na rafiki kwa mara ya kwanza. Kama hayajaguswa na unga, lita 3 hizo hukaanga Jumapili tatu au nne. Yakianza kutoa moshi kwenye joto la kawaida la kukaangia, au yakitoa povu lisilotulia, yatupe. Yasikae ndani ya sufuria kati ya Jumapili moja na nyingine.

Vipi kuhusu vyombo vingine? Ile ndogo ya Lodge ya kwati 5 ni nyepesi na inatosha wapenzi wawili na wageni wawili. Kwa wanane utarudi kulekule kwa mpishi aliyefungwa jikoni. Kikaangio cha hewa ya moto ni kizuri kwa mama anayetaka vipande vitano bila mafuta mengi, tena anaweza kukiendesha mwenyewe, lakini hakilishi meza. Jiko la gesi la nje lenye sufuria ya lita 15 lina nguvu, na kwa watu 20 au mashindano ya mabawa hakuna mbadala, ila linampeleka mpishi uani, mbali zaidi na mazungumzo. Kama mkono wa mpishi una maumivu ya viungo, msimnunulie Lodge ya kwati 7 kama zawadi. Ni nzito mno. Na kioo cha jiko la umeme hakipendi kuburuziwa chuma: inyanyue, usiisukume.

Limebaki suala la nani mwenye sufuria, na tunalichukulia kwa uzito kama suala la mafuta. Katika familia nyingi za Kusini sufuria ya chuma ya bibi hurithishwa, na mara nyingi hupewa anayeonekana kuwa na "nyumba yake", yaani aliyeoa au kuolewa kwa namna familia inayoitambua. Mtoto wa kiume shoga, hata awe ndiye mpishi bora ukoo mzima, anaweza kurukwa bila mtu kusema neno. Ndiyo maana marafiki wengi huchangishana kununua hii mpya, na tunawasifu kwa hilo. Lakini kitu cha kuchangia kinahitaji maneno ya wazi. Wapenzi wakiachana, sufuria inabaki wapi? Ushauri wetu: inabaki katika nyumba ambako mikusanyiko inafanyika, na anayeondoka anabaki na haki ya kiti chake mezani.

Na mmoja akifariki? Ndoa za jinsia moja zinatambuliwa katika majimbo yote ya Marekani tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya Juni 26, 2015, ambayo kesi ya Tennessee ilikuwa mojawapo ya zilizounganishwa humo. Mume aliyefunga ndoa hurithi kisheria. Rafiki hana chochote kisheria, hata kama mlikula pamoja miaka 30: pasipo wosia, mali huenda kwa mwenzi wa ndoa na jamaa wa ukoo, na binamu asiyewahi kukanyaga nyumbani ataondoka na sufuria mkononi. Kwa hiyo itajeni kwenye wosia kwa jina na kipimo, sufuria ya chuma ya Lodge ya inchi 12, na mfuniko wake utajwe pia, maana mifuniko hupotea wakati wa kugawana vyombo. Tennessee wosia wa kuchapwa unataka mashahidi wawili. Rafiki atakayepewa sufuria asiwe mmoja wao.